Kidonge cha Ng'ombe kwenye Viazi vya Mkwe

Mama mkwe wa binti yangu hali nyama. Hali kuku, hali samaki, hali hata mchuzi uliopitiwa na mfupa. Ni Mwairishi, kaja huku Sydney akiwa msichana, na nyama aliiacha zamani kabla hatujajuana. Mimi hilo niliambiwa mapema, nikaitikia vizuri tu.

Sasa siku ya harusi nikampakulia pilau. Nikachomoa vipande vya nyama kimoja kimoja kwa mkono wangu huu, nikausawazisha wali juu ukapendeza. Akauliza kama hamna nyama. Nikatikisa kichwa: hamna. Na jamani, kwetu Lushoto kweli hapo hamna nyama! Nyama si imeshatolewa?

Akala, akasifia. Kijiko cha mwisho kikaja na kamfupa. Akakaweka pembeni ya sahani, akanitazama, akanyanyuka. Watu wakambembeleza, oo, bahati mbaya, kametumbukia tu. Na mimi nikasema hivyo hivyo, kametumbukia tu. Toka siku hiyo, miaka miwili, mlango wetu wa Ingleburn, huku huku Sydney, hakuukanyaga. Mpaka mjukuu wetu kazaliwa, bibi yake mmoja anamlea, mwingine anapelekewa kwake kama barua.

Basi mtoto alipofika miezi minne, mkwe akasema atakuja. Jumapili, chakula cha mchana, mara moja tu, aone. Hilo "aone" binti yangu alinirudishia mara tatu, na kila mara ananikazia macho.

"Mama, safari hii tukiharibu, basi tena."

"Nitampikia cha kwao," nikasema.

Mume wa binti yangu akacheka, akanifundisha. Kumbe chakula chenyewe ni viazi vya kuponda! Wenyewe wanakiita kolkanoni. Viazi, sukuma wiki, vitunguu majani, maziwa, halafu unachimba shimo katikati unajaza siagi. Nikamwambia, baba, hivyo viazi na hizo mboga mimi nimevilima tangu sijaota meno ya ukubwani, shule niliishia darasa la tatu kwa sababu yake. Huwezi kunibabaisha.

Kilichonibabaisha ni presha kuka, jungu la kupikia kwa mvuke. Ile ya umeme, nyeusi, inalia pi, pi, kama inakuuliza swali. Mkwe ana haraka ya kurudi, viazi vilitakiwa viwahi, na mume wa binti alikuwa akiitumia kila siku. Akanionyesha: maji, viazi, funika, zungusha, bonyeza hapa. "Ikishashika presha, Mama, usilazimishe mfuniko. Shangazi yangu alilazimisha, viazi vikabaki kwenye dari."

Jumapili asubuhi nyumba ilioshwa mpaka nikaionea huruma. Nyama yote chini ya friza, imefunikwa na mifuko ya njegere. Kibao cha kukatia nilikisugua kwa chumvi na ndimu. Vijiko vikachemshwa. Saa tano na nusu mume wa binti akaenda stesheni kumpokea mama yake, binti akaingia bafuni kumwogesha mtoto, mimi nikabaki na lile jungu.

Nikamenya, nikakata, nikatia maji, nikatia chumvi, nikatia kidonge. Nikafunika. Nikazungusha. Pi. Nikajiona hodari.

Nikachukua kitambaa nifute meza. Hapo ndipo nikaona kikaratasi. Kidogo, cha kung'aa, kimekunjamana. Nikakikunjua. Ng'ombe huyo, na pembe zake mbili, ananitazama.

Nilikaa chini, sisemi uongo. Kidonge cha supu! Mimi tangu vidonge vimeingia dukani kwetu sijachemsha kitu bila kidonge. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo, ukabandua karatasi, ukavuruga, mie mwenyewe akili iko kwenye vitufe.

Nikalikamata jungu nifungue. Mfuniko umegoma. Nikasikia kule ndani ngurumo, kipini cha mfunikoni kimeshapanda, presha imeshika. Nikakumbuka dari ya shangazi. Nikabonyeza kitufe kimoja, ikalia. Nikabonyeza kingine, ikalia zaidi. Nikachomoa waya ukutani. Kimya, lakini kipini kiko juu vile vile. Nikachukua mwiko, nikasimama mbali, nikasukuma kile kidude cha kutolea mvuke. Ssssss! Mvuke ukaruka mpaka kabatini. Na harufu sasa! Tamu, nzito, harufu ya mchuzi wa ng'ombe, na mgeni mwenyewe hali ng'ombe.

Binti akatoka bafuni mbio, mtoto kwenye taulo. "Mama, nini?"

Nikamnyooshea kikaratasi. Akakitazama, akafumba macho.

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Kwenye viazi vyote hivyo?" Akanong'ona, na nyumbani tuko wawili na mtoto. "Mama, sikiliza. Maziwa yataingia, siagi itaingia. Hatajua."

"Na harufu?"

"Nafungua madirisha."

"Tumwage, tupike vingine."

"Vimebaki vinne, Mama! Na gari hiyo inaingia." Kweli, nikasikia milango ya gari, pa, pa. Binti akanishika kiganja, machozi yanamtelemka. "Nakuomba. Leo tu. Akijua, huyu mtoto hatakuwa na bibi upande ule." Akakitumbukiza kikaratasi mfukoni mwa jinzi yake, akajipangusa uso kwa taulo la mtoto, akasukuma madirisha wazi, akaenda kufungua mlango.

Mkwe akaingia. Mwembamba, koti la kijani, kashika kikapu cha maua. Akatusalimu kwa mkono, mkono wenyewe wa baridi. Halafu akasikia ile ssssss ya mwisho jikoni, akauliza ni nini kile. Mwanawe akamwambia, mama wa mke wangu kakupikia kolkanoni. Yule mama akasimama. Uso ukalegea wote. Akasema, mume wa binti akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, kwamba tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyempikia chakula hicho. Huwa anajipikia mwenyewe.

Binti yangu ananitazama. Mimi natazama kipini. Kikashuka, tak.

Nikamtazama yule mama, nikaona anavyonitabasamia mimi niliyemlisha mfupa. Nikasema moyoni, nikimlisha tena na leo, mjukuu wangu nitamshika kwa mikono gani?

"Mama, usiseme," binti akanong'ona.

Nikasema. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini "ng'ombe" ninalijua, "ndani" ninalijua, "mimi" ninalijua. Nikalinyooshea kidole jungu. Kisha nikamgeukia binti: "Tafsiri. Mwambie mkono wangu umezoea kidonge, umetia bila kuniuliza. Tafsiri!" Akatafsiri. "Na mwambie ya harusi. Kale kamfupa hakakutumbukia. Pilau ilipikwa na nyama, mimi ndiye niliyeichomoa. Nilijua."

Hapo binti akamgeukia mumewe. Mumewe ndiye aliyemalizia, polepole, anatafuta maneno.

Yule mama akaweka maua mezani. Akatoka nje, akasimama kibarazani, katupa mgongo. Jamani, zile dakika! Hakuna aliyekaa. Mtoto akaanza kulia na hakuna aliyembembeleza. Nikajua anatafuta ya kutuagia.

Akarudi. Akaja moja kwa moja kwangu, macho mekundu, akasema neno refu. Nikamtazama mkwe wangu wa kiume.

"Anasema, siku ile kila mtu alimwambia anakosea. Miaka miwili anajiuliza labda kweli kakosea yeye. Anasema wewe ni wa kwanza kumwambia alikuwa sawa. Pia anasema bado ana hasira na wewe."

"Mwambie awe nayo," nikasema. "Ana haki."

Akaambiwa, akacheka kidogo, kwa pua. Halafu akavua koti, akanyoosha mkono akamchukua mtoto kwa binti, akamweka begani. Kwa mkono wa pili akanionyesha sufuria ndogo, ya kawaida, isiyo na mfuniko.

Vile viazi vinne nikavimenya mimi, yeye kasimama nyuma yangu anahesabu kila kitu kinachoingia. Maji. Chumvi. Nikanyoosha mkono kwenye kopo la vidonge, kumtania, akanipiga kofi la kiganjani, si la mzaha sana.

Tukala vyungu viwili, kidogo chake, kikubwa chetu. Shimo la siagi kwenye sahani zote kachimba yeye, maana langu alisema halina kina. Treni ya kurudi ikampita, akangoja ya pili.

Jumatano nikafua. Nikatoa jinzi ya binti kwenye mashine, nikapekua mfuko. Ng'ombe yule yumo, kafuliwa, ametakata, pembe zake mbili hazijafutika. Nikambandika kwenye mlango wa friji, hapo hapo juu ya linapokaa kopo la vidonge, mkono ukienda tena ukutane naye kwanza.