Siku Niliyogeuka Ukuta Gerezani

Habari hii nimemficha mke wangu hadi leo, maana yeye ni wa Bujora na mama yake akiisikia sijui nitapita njia gani kufika pale kwao, lakini ninyi nitawaambia, na mkicheka chekeni taratibu.

Kazi yangu ni kuchora majengo, na kuna gereza moja nje ya Mwanza nilipewa nichore upya chumba cha kutembelea wafungwa. Cha zamani kilikuwa na wavu wa chuma katikati, wafungwa huku, ndugu kule, wote wanapaza sauti kama wako mnadani, na mtu akitoka pale hajui hata kama mama yake alilia au alicheka. Sasa fikirini hivi: mfungwa siku moja atarudi nyumbani, na akirudi akiwa mgeni kwa watu wake, tutampokea tena gerezani. Kwa hiyo nikaondoa wavu, nikaweka meza za duara na madirisha makubwa upande wa ziwa. Mkuu wa gereza, afande wa maneno machache, akakubali tujaribu siku moja tu, jambo likiharibika wavu unarudi.

Siku ilipofika wafungwa kumi wakaketi. Aliyepangwa kupokea wageni alikuwa askari wa mlangoni, ila mimi kwa kiherehere changu nikasema niacheni niwapokee mwenyewe, niwaeleze chumba (hapo ndipo pa kujilaumu).

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Kwimba, amekuja kwa mfungwa aitwaye Masanja. Alipofika mlangoni akasimama, akageuza uso. Nikadhani anaogopa gereza. Nikamwamkia, nikampokea kikapu, nikamshika kiwiko polepole kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza, nikamwambia hapa hakuna kizuizi tena, asogee hadi magoti yagusane.

"Baba, yule ni mkwe wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri sana mama, ndiyo maana nakwambia usogee."

(Na mimi mwenyewe ni Msukuma, tangu nioe, kwa heshima ya desturi yetu, sijaketi meza moja na mama mkwe, tukikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka. Lakini vile vijitu tunavyochora kwenye ramani havina wakwe, na mimi nilishavizoea vile.)

Masanja kuona mama mkwe analetwa, akaingia chini ya meza. Bibi akajifunika kitenge kichwani, akarudi kinyumenyume, akamkanyaga askari, na askari kuinua macho akaona kiti kitupu, akapuliza filimbi. Wafungwa wakachuchumaa, nami kwa woga nikachuchumaa katikati yao. Askari akahesabu, akatangaza kumi wametimia (nilivaa shati la rangi ya chungwa kama sare zao, kosa jingine ambalo sitalitetea), mpaka Masanja alipochomoza chini ya meza tukawa kumi na mmoja.

Mkuu, aliyekuwa pembeni akiangalia yote, akanisogelea. "Injinia, wavu urudi leo au kesho?"

Ndipo bibi akasema kutoka mlangoni, bado ametupa mgongo, kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kike na bado yuko kitandani, hakuna mwingine wa kuja, na ukoo mzima unasubiri baba atoe jina. Hawezi kurudi bila jina.

Nikakunjua mchoro wangu, karatasi kubwa kama shuka, nikasimama katikati nimeunyoosha kwa mikono miwili. Bibi akaketi upande huu, Masanja upande ule. Wakaongea taratibu, mtoto ana afya, ananyonya, paji la uso ni la baba, na mimi mabega yanawaka moto.

Lilipofika suala la jina Masanja akanigeukia mimi. Kwetu mkwe hatamki jina la mama mkwe. Akaninong'oneza: "Mwambie aitwe jina la aliyeko ng'ambo ya karatasi."

Nikafikisha. Bibi akaweka kiganja kwenye karatasi, upande wake.

"Mwambie nimesikia," akasema bibi.

Mkuu akaamua wavu usirudi, ila nichore hicho nilichokishika. Leo meza mbili zina kiambaza cha matete katikati, mtu na mkwe wake waongee bila kuonana. Nami sishiki tena penseli kabla sijauliza nani ataketi na nani, na nikialikwa pale gerezani siku ya wageni nabaki kwenye gari, viwiko vya mama wakwe za watu naviachia wenyewe.