Bakuli la Bluu, Bakuli Jeupe

Wifi yangu ana mdomo, jamani. Huyu ni dada wa mume wangu, na kazini tunakaa meza moja, kwenye chumba cha kufugia viwavi wanaokula mahindi. Kazi yetu ni kutenga dume na jike kabla hawajawa nondo, wakiwa bado pupa, wa kahawia kama kokwa za tende. Unamgeuza kwa kibanio, unamtazama tumboni karibu na mkia. Jike ana kiufa kilichokaa mbali kidogo na ncha. Cha dume kiko karibu zaidi, kina vinundu viwili pembeni. Basi. Dume bakuli la bluu, jike bakuli jeupe.

Tangu nilipoolewa Wifi ananiita Madirisha, kisa miwani yangu. "Madirisha, leo umefuta vioo?" Chumba kizima kinacheka, nami namjibu ovyo, siku inakwenda.

Halafu akanyamaza. Nilidhani nimemuudhi. Nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho: anamshika pupa, ananyoosha mkono mpaka kibanio kinagonga ukuta, anakunja uso, anamtupa bakuli lolote. Kumbe macho yameanza kumwishia! Nikamwambia achukue lenzi. "Lenzi ni ya wageni," akanikata. Haya. Nikatia miwani yangu ya zamani ya kusomea kwenye mkoba, nikaapa sitoi mpaka aombe mwenyewe. Miaka yote hiyo ya Madirisha? Ng'o!

Juzi msimamizi akaja amenuna. Kuna kizimba cha majike watupu, wanaokaa bila dume kwa ajili ya majaribio, na mayai yao hayatakiwi kuanguliwa. Basi mle ndani viwavi wachanga walikuwa wanatambaa. Dume kaingia!

"Kesho asubuhi nampima kila mtu hapa mezani," akasema. "Atakayechanganya anakwenda chini kuosha makopo."

Wifi akashusha kibanio. Meza hii ndiyo maisha yake. Ndiye aliyenifundisha kazi. Roho iliniuma, lakini nikakaza uso.

Wenzetu walipotoka kunywa chai akanisogelea. "Wifi," akasema. Si Madirisha, Wifi! "Mwenzio sioni. Mwezi mzima nabahatisha tu."

"Unasemaje? Sikusikii."

"Wifi, usinitese. Niazime macho."

Nilitaka aombe tena, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga, nikashindwa. Nikamtolea ile miwani, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Akavaa, akachukua pupa, akamgeuza. Kisha akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Dume," akasema, akamtia bakuli la bluu. Akachukua mwingine. "Jike. Dume. Wee, huyu naye dume kabisa!"

Nikawa nakagua nyuma yake, wote sawasawa. Nikasema moyoni, kesho msimamizi aje tu.

Hapo akainua uso, akanitazama mimi. Akanitazama sana. Akasogeza kibanio mpaka karibu na kidevu changu.

"Toba! Madirisha, kumbe una ndevu? Sasa wewe nikuweke bakuli gani?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwezi mzima nilikuwa nimeumisi mdomo ule.