Kibuyu cha Kumwagilia Mboga

Kila nikifungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa, na harufu ya mkaa huo ikanipiga puani, namkumbuka mama na kiangazi kimoja cha utotoni.

Kiangazi kile, mto uliopita chini ya nyumba za wafanyakazi ulikuwa wa kiwanda cha chai peke yake. Aliyeshikwa akichota maji ya kumwagilia mboga alifukuzwa kazi na nyumbani, yeye pamoja na watoto wake. Kabichi za mama zilikuwa zinakauka. Basi akachota kwa kibuyu cha maziwa, akakifunika, tukapanda kati ya michai, mimi nikimfuata nyuma.

Nyapara akatokea mbele yetu. "Mama, umebeba nini?"

"Mursik."

"Nipe nionje. Jua ni kali."

Kwetu anayeomba maziwa hanyimwi. Mama akampa kwa mikono miwili. Akanywa polepole, koo likipanda na kushuka. Nilishika sketi ya mama, nikiwaza sufuria gani tutabeba na gani tutaacha.

Akapangusa midomo, akamrudishia kibuyu.

"Imeiva vizuri," akasema. "Lakini kesho msipite hapa. Mzungu wa kiwanda atakuwepo, na yeye hajui mursik."