Mtani Wangu wa Miteja

Mtu akiniuliza kwa nini niliacha kuandika safu ya gazeti, humjibu kwamba nimezeeka. Uongo. Niliacha kwa sababu ya mtani wangu wa Miteja, tena nilichelewa.

Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Mtani hasalimiwi kwa adabu. Alipotutembelea kwetu Pande nilimwita mchawi, naye akaniita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zangu, na mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Msibani ndiye aliyeruhusiwa kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wacheke. Kwa mtani hakuna kesi.

Wakati ule nilikuwa Uingereza, nafagia wodi za hospitali. Nyumbani soko lilikuwa limefunguliwa, magazeti ya watu binafsi yakaota Dar es Salaam kama uyoga, na moja likanipa safu ya kila Jumapili. Niliituma kwa faksi. Nilijiona mkubwa, sikatai.

Vijijini nako wanunuzi binafsi walikuwa wameingia kwa ajili ya korosho. Mwaka ule ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua ya mikorosho ya karibu kila mtu Miteja, isipokuwa ya mtani wangu. Haikuwa siri: alijinunulia dawa ya salfa, akaipuliza alfajiri yeye na mkewe, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Walirudi nyumbani weupe kuanzia kope mpaka miguu. Dada yangu mdogo, aliyeolewa hukohuko Miteja, aliniandikia hayo, nami nikaona nimepata safu. Nikaandika kwamba mtani wangu analimiwa na misukule, weupe pepe, wawili, na mmoja wao ndiye anayempikia ugali.

Mhariri alicheka sana. Barua ya dada ikasema Miteja nako wamecheka, na kwamba mtani ameapa nikirudi atanifanya msukule wa tatu.

Barua ya pili ilikuwa fupi. "Kaka, kuna mtu kabandika ukurasa wako dukani. Wanaousoma siku hizi hawacheki." Kijiji kilikuwa kimejaa wachuuzi na vibarua waliofuata korosho, watu wasiojua nani mtani wa nani. Kwao maneno yaliyochapwa yalikuwa ushahidi, tena wa msomi aliyeko Ulaya.

Mistari miwili ingetosha: nilikuwa namtania. Nilianza kuiandika. Kisha mhariri akanipigia simu kwamba wasomaji wanataka zaidi, na mimi, mpumbavu, nikaandika misukule sehemu ya pili.

Barua ya tatu ilisema watoto wamekatazwa kupita shambani kwake, na mkewe akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao na kuondoka. Ya nne ilisema mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Ya tano ilikaa mezani siku mbili sijaifungua, maana nilishajua. Walimchomea nyumba mchana kweupe, yeye akiwa shambani, kisha wakaikata mikorosho. Yeye na mkewe walikimbilia Kilangala kwa ndugu, na nguo walizovaa.

Ndipo nikatuma ile mistari miwili. Ilichapwa chini ya tangazo la sabuni.

Mwaka uliofuata mama alizidiwa, nikarudi Pande kumuuguza, akafia mikononi mwangu. Siku ya mazishi kaburi lilipokuwa tayari, watu walisimama wakingoja, maana mtani ameonekana njiani. Alikuwa amekonda. Nilimwona nikafurahi, Mungu anisamehe, nikajua sasa ataruka kaburini na kuniita mwizi wa kuku, na yataisha.

Alikuja taratibu, akanipa mikono yote miwili.

"Pole sana, bwana. Mungu amrehemu mama yetu."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia mtani akizungumza nasi kwa adabu namna ile. Sikumwachia mikono.

"Nitukane, mtani," nilimnong'oneza. "Nakuomba. Hata neno moja."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Siwezi, bwana," akasema. "Wewe unaandika."