Wimbo Uliobeba Jina la Muthoki

Mimi na Muthoki tulishona kwenye veranda moja pale Sultan Hamud, cherehani yake upande wa mlango, yangu upande wa barabara. Alifika mwaka wa sabini na nane kutoka Tawa, alikokuwa ameolewa na mtu anayeitwa Nzuki. Miaka sita bila mtoto, na Nzuki akamrudisha kwa baba yake kama mtu anayerudisha debe lililotoboka. Hayo sikuyajua mapema. Mimi nilijua tu kwamba ni fundi mzuri, mkimya, na kwamba kila Jumapili saa nane mchana hakosekani Klabu ya Mwangaza, nyuma ya stesheni.

Haikuwa klabu ya kujivunia. Mabati juu, sakafu ya simiti, na kule mwisho jukwaa la mbao ambapo bendi ya watu watano ilijibana na spika mbili na jenereta ya kukohoakohoa. Muthoki hakunywa pombe. Alinunua soda moja ya machungwa, akasimama karibu kabisa na spika, macho amefumba.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asikae nyuma kama watu wengine.

"Hapa mbele besi inanipiga kifuani," akasema. "Ikinipiga hivyo, siwezi kufikiria kitu kingine."

Wazee wa kanisa walimwita, wakamwonya, mwishowe wakamzuia kushiriki meza ya Bwana. Alilia siku mbili. Jumapili ya tatu akarudi Mwangaza.

Mpiga solo na mwimbaji wa bendi alikuwa Mulei, kijana mrefu wa Kitui, mcheshi. Alileta kitambaa ili washonewe mashati ya jukwaani, na Muthoki akamshonea. Mulei akazoea kuja kukaa kwenye kibao chetu, anapigapiga gitaa bila waya na kuuliza maswali. Alijua kusikiliza. Siku moja nilienda kutafuta vifungo sokoni, niliporudi nikamkuta Muthoki anapangusa machozi, na Mulei ameinamisha kichwa kama mtu aliye matangani. Alikuwa amemwambia yote: Tawa, miaka sita, dawa alizonyweshwa, hata maneno ya mama mkwe.

Mwaka wa themanini na moja ikatoka santuri ya bendi yake. Wimbo ulikuwa wa Kikamba, gitaa tamu ajabu, na kibwagizo kiliuliza: Muthoki wa cherehani, kitanda chako kimemkosea nani? Maneno ya mama mkwe yalikuwa humo ndani, neno kwa neno.

Wimbo ulishika kama moto wa nyasi. Wapagazi waliuimba, watoto wa shule waliuimba wakipita mbele ya veranda yetu. Tulisikia kwamba Tawa siku ya soko ulipigwa kutwa nzima. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa ameanza kuleta posa kwa baba yake Muthoki, hakuonekana tena.

Jumapili moja Muthoki alivaa gauni lake la kijani, akaniambia, "Ndila, twende." Bendi ilikuwa inapumzika. Akaenda moja kwa moja jukwaani.

"Mulei, nilikwambia wewe. Sikuwaambia watu."

Mulei akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Lakini Muthoki, nimekupatia jina. Ukambani nzima wanakujua."

"Usiuimbe tena."

Mulei aligeukia kipaza sauti. "Jamani, mwenyewe amefika!"

Watu wakapiga kelele za furaha, na gitaa likaanza. Muthoki alisimama pale katikati huku wamemzunguka wakicheza. Nami, Mungu anajua, miguu yangu nayo ilikuwa inacheza.

Hakurudi Mwangaza. Miaka kumi na moja akashona. Kanisa lilimpokea tena, akawa anakaa benchi la mwisho.

Mwaka wa tisini na mbili Mulei akaokoka. Alikuja kanisani kwetu na suti na gitaa lake, akatoa ushuhuda. Alisimulia pombe, wanawake, halafu akafika kwenye ule wimbo, akausema wote, pamoja na kitanda.

"Dada yangu yuko hapa," akasema akilia. "Asimame anisamehe mbele ya Bwana."

Watu wakapiga makofi. Muthoki akasimama.

"Umenisimulia mara ya pili," akasema, "na hata leo hukuniuliza kwanza."

Akatoka nje. Nyuma yake wakaanza pambio, na wazee wale wale wakamwekea Mulei mikono kichwani.

Kina mama wanasema Muthoki ana moyo mgumu. Alihamia Kiboko, anashona ovaroli za wafanyakazi wa kituo cha utafiti. Nilipomtembelea nilimwuliza siku hizi Jumapili anafanya nini.

"Nafua," akasema.