Mawese ya Mashine Namba Kumi na Nne

Papa Twahiri alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Kalemie. Vita ilipokifunga kiwanda, wenzake walirudi kwenye mashamba na nyavu. Yeye alibaki na ufunguo wa lango. Miaka mitano askari walilala kati ya mashine, wakapika humo humo, wakaondoka, wakaingia wengine. Kila Ijumaa baada ya swala alipita katikati yao na kichupa cha mawese, akaipaka mafuta mashine yake, namba kumi na nne. Mawese yalitoka jikoni kwake. Mkewe, Mama Zuhura, alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa maji matupu, na mashine ile aliiita mke mwenzake. Sisi majirani tulicheka. Mama Zuhura hakucheka sana.

Papa Twahiri alitaka jambo moja tu: amani ikirudi, afume tena.

Mwaka 2003 redio ilisema vita imeisha. Wakubwa waligawana viti huko Kinshasa, sisi tukagawana habari. Miezi michache baadaye barua ikaletwa langoni: kuna wageni wanakuja kiwandani kuchukua «mitrailles». Papa Twahiri hakujua Kifaransa cha karatasi. Aliniletea mimi, niliyesoma kwa wamisionari Kongolo na kujivunia jambo hilo kupita kiasi.

“Mitraye, Papa,” nilimwambia. “Bunduki za waaskari njo wanakuja kubeba. Kiisha kazi itaanza.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, akaenda kufagia.

Walipofika aliwafungulia lango mwenyewe, akawapa chai, akawaonyesha bunduki tatu mbovu zilizoachwa nyuma ya stoo. Mkubwa wao alizitazama, akacheka, akaamuru nyundo zishushwe kutoka kwenye lori. Kumbe kwa watu wa viwanda mitraye ni vyuma chakavu. Kiwanda chote kilikuwa kimeuzwa kwa kilo, kivushwe ziwa.

Papa Twahiri aliweka mkono juu ya namba kumi na nne.

“Chef, hii haikufa. Hii inafuma.”

“Papa, vyote vya humu njo mitraye.”

Mashine nyingine zilikuwa zimeliwa na kutu, zikawatoa jasho siku tatu. Yake haikuhitaji nyundo. Bolti zilifunguka kwa mkono, moja baada ya nyingine, zikiteleza kwa mawese ya miaka mitano. Nusu saa, kazi imekwisha. Mkubwa yule hata alimsifu: angalau humu palikuwa na mtu anayejua kutunza chuma.

Naichukia barua ile, na ninajichukia zaidi mimi niliyeisoma. Hajanilaumu hata siku moja, heri angenitukana. Ufunguo bado anao, ingawa hata lango walilibeba.

Siku hizi sombe ya Mama Zuhura inaogelea kwenye mafuta. Anamwekea mumewe sahani mbele, inapoa, anaiondoa.