Maneno Anayo, Sentensi Hana

Juzi nilikwenda Songea kumtembelea binti yangu. Nyumba anayopanga imepakana na shule ya msingi, na asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, darasa la kwanza wakaanza. Mwalimu anasema, wao wanaitikia, mwalimu anasema, wao wanaitikia, mpaka mabati yanatetema. Binti yangu akacheka akaniambia, "Mama, hao ndio wananiamsha kila siku." Mimi nikaweka kikombe chini. Ndugu yangu, najua wengi wakisikia kelele zile wanakumbuka utoto wao na kutabasamu. Mimi hushikwa na hasira, kwa sababu zilimficha mdogo wangu mwaka mzima.

Shule yetu ilikuwa ufukweni, mwendo mfupi kutoka Lituhi, na Ziwa Nyasa lilionekana kupitia madirisha yasiyo na vioo. Darasa la kwanza hatukuwa na madaftari. Tulitolewa nje, tukachuchumaa mchangani na kuandika kwa kidole, na mwalimu akapita juu yetu akisahihisha kwa ncha ya fimbo. Asubuhi kila mtoto alikuja na maji kichwani, Ijumaa alikuja na kuni, na saa nne tulikunywa uji wa mahindi ya shamba la shule, mara nyingi bila sukari, na hakuna aliyelalamika. Harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juani ilituingilia darasani tukaona njaa mara mbili. Mama alikuwa akiwabeba usipa hao wakishakauka, anapanda nao milimani kwa Wamatengo, na kurudi na maharage. Sisi tulibaki na Bibi.

Mdogo wangu alipatwa na homa kali kabla hajajua kusema vizuri. Alipona, lakini maneno hayakuja. Bibi alisema mtoto ana kiburi cha ukoo wa baba yake, hata baba yake alichelewa kusema, tumwache. Tukamwacha. Umri ulipofika akavaa sare yangu ya zamani akaingia darasa la kwanza, mimi nikiwa la pili.

Na hapo ndipo shule ilipokosea kwa nia njema kabisa. Darasa lilikuwa limejaa kupita kiasi, na kila kitu kilijibiwa kwa pamoja. Herufi kwa pamoja, hesabu kwa pamoja, shikamoo mwalimu kwa pamoja. Mdogo wangu alikuwa na macho makali. Aliwatazama wenzake wakifungua midomo, naye akafungua wake, wakifunga, akafunga. Mwandiko wake mchangani ulikuwa mzuri kuliko wa wote, maana kunakili alijua. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alimsifia mbele ya watu wazima kwamba ni mtoto msikivu.

Siku ya kupimwa kusoma, kila mmoja alisimama peke yake. Mdogo wangu akasimama, akafungua mdomo, akafunga, akafungua, vizuri tu, na hakuna hata mlio. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akadhani anafanyiwa dhihaka, akamchapa viboko mikononi, na yeye badala ya kulia akaendelea kuchezesha midomo haraka zaidi, akijitahidi kumfurahisha. Wakati huohuo kiranja akagonga rimu ya gari, kengele yetu, iliyoning'inia nje ya dirisha palepale aliposimama mdogo wangu. Wenzake wote waliruka. Yeye hakugeuka. Niliyasikia haya kwa Mwalimu mwenyewe, jioni, alipokuja nyumbani akakaa chini kwenye mkeka wa Bibi na kulia kwa sauti mbele ya watoto.

"Shikamoo Bibi. Nimempiga mtoto kiziwi," alisema.

"Marahaba," Bibi akajibu. Kisha akasema, "Basi na mimi nimemsema miaka yote."

Tulisikia kuwa zipo shule za watoto kama yeye, mbali, zenye bweni na ada. Kwetu zilikuwa habari za nchi nyingine. Mwalimu Mkuu akashauri mtoto akae nyumbani. Mwalimu wetu akakataa, akasema chuoni hakufundishwa jambo hili lakini na wenye watoto hawakufundishwa kuwazaa. Akamweka dawati la mbele, na kila jioni akabaki naye, na mimi nikiwa hapo kama mkalimani asiyejua lugha yoyote.

Lugha ilitoka kwa Mjomba. Wavuvi wetu wana ishara za mikono, kwa sababu ziwani upepo unakula sauti. Mtu akiwa bado mbali husimama kwenye mtumbwi na kuwaambia wanawake walioko ufukweni kama walete vikapu, kama nyavu zimechanika, kama kuna mgonjwa. Mdogo wangu alizijua zote, tena alikuwa wa kwanza kuzisoma na kukimbia kuchukua vikapu. Mwalimu alipoliona hilo akamfuata Mjomba mchangani, akamwamkia, akamwomba amfundishe. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu mzima unataka kuwa mvuvi?" Lakini akamfundisha. Zile ishara zilipokwisha tukaanza kutunga zetu wenyewe: ya Bibi, ya uji, ya uongo, ya jana. Mwalimu alitoa ishara, kisha akaandika neno lake ubaoni. Ukiniuliza ni lini nimewahi kuona furaha kwa macho, nitakuambia ni jioni ile mdogo wangu alipogundua kuwa ziwa lina jina, na kwamba jina hilo linaandikika. Alikimbia kuzunguka shule akigusa kila kitu na kudai neno lake.

Alipofika darasa la tatu alikuwa anaandika maneno mengi kuliko mimi. Lakini aliyaandika moja moja. Samaki. Mama. Mlima. Hakujua kuyafunga pamoja yaseme jambo. Mwalimu alimwambia Mama, "Maneno anayo. Bado sentensi. Nipe mwaka mmoja nimpe sentensi, halafu hata sisi sote tukifa ataongea na dunia kwa karatasi." Mama alimshika mikono yote miwili.

Mwaka huo hatukuupata. Enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imefika hata kwetu. Dukani kulikuwa na sabuni na mitumba ya kila rangi, na shuleni kila kitu kikawa cha kuchangia. Shamba la shule likakodishwa, uji ukaisha, watoto wakaanza kupotelea kwenye usipa. Walimu nao mishahara ilichelewa, wengine wakaacha chaki wakafungua vibanda. Mwalimu wetu alibaki, akiuza maandazi wakati wa mapumziko, mpaka alipohamishiwa Ruanda, kijiji cha huko juu kwenye kahawa, kwa sababu nako shule ilikuwa inakaribia kufungwa. Aliondoka juu ya lori la magunia. Mdogo wangu alimpa ishara ya kuuliza mtumbwi unarudi lini, na Mwalimu akageuza uso.

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa na imla. Mwalimu mpya alisoma huku akitembea nyuma ya madawati, kitabu kikiwa mbele ya uso, maana ndivyo imla ilivyosomwa ili watu wasiibiane. Mdogo wangu alikuwa akigeuza shingo kumfuata mdomo. Mwalimu mpya akamshika kichwa akakielekeza mbele. Akageuka tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu akanyang'anywa karatasi kwa kosa la kuangalizia.

Mama alifunga usipa aliowapata, akapanda mlima kwa miguu kwenda Ruanda, na akarudi na Mwalimu. Nilikuwepo nje ya ofisi, nikasikia yote. "Mwalimu Mkuu, nakuomba. Nimsomee mimi imla, nikiwa mbele yake, wewe umesimama hapo." Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa kwamba karatasi zimekwenda wilayani Mbinga, kwamba mtihani ni mmoja kwa watoto wote, kwamba akianza kumpendelea mmoja atajibu nini kwa wengine. "Atarudia darasa, dada yangu." Alirudia, na imla ikasomwa vilevile. Aliyeshindwa mara mbili hakuwa na dawati tena. Siku ya kwanza ya muhula uliofuata alivaa sare, akatoka na ndoo ya maji kichwani, na nikawa mimi wa kumshika mkono na kumrudisha. Alinipiga ngumi za kifua njia nzima. Sijui ishara ya jambo lile, na hata leo hatuna.

Ile shule sasa ina vyoo vya tofali na bendera mpya. Nyavu bado zinachanika, lakini vijana hawasimami tena kwenye mitumbwi kupunga mikono, wanapiga simu. Mjomba ameshakufa, na Bibi, na Mama. Mwalimu tulimzika huko huko Ruanda, na mdogo wangu alisimama kaburini akitoa ishara kwa haraka, na waombolezaji wakadhani amechanganyikiwa.

Yeye yupo, mzima, ana nguvu kunishinda. Anaanika usipa. Nikienda kumwona tunakaa barazani na kuongea mpaka mikono inachoka, kwa sababu hana mwingine. Nilijaribu kuwafundisha wanangu, wakajua ya kula na ya kulala, wakaishia hapo. Wakati mwingine, nisipokuwepo, ananitumia karatasi kwa mtu anayekuja huku mjini ninakoishi. Ya mwisho aliandika: Dada. Mguu. Usiku. Nilikaa nayo siku nzima nisijue kama mguu unamuuma yeye au ananiuliza wangu, maana mimi ndiye ninayetembelea fimbo, mwenye presha, na daktari ameniambia niache safari ndefu, hata ya kwenda kumuuliza.